Ukuta wa Viganja

Kiganja changu kiliingia ukutani kabla sijajua kutambaa. Baba alikikandamiza kwenye udongo mbichi huku nikilia, mama akanishika kiunoni, na waumini wakapiga vigelegele. Tofali lile liliwekwa kando ya mlango wa kanisa letu kule Naviundu, kiganja kikitazama nje, na kila aliyeingia kusali alipitisha vidole juu yake kabla ya kuvuka kizingiti. Nilikua nikiwaona wanaume wenye ndevu wakigusa mkono wangu ukutani, na mimi mwenyewe nimesimama palepale pembeni najikuna miguu iliyoumwa na mbu. Walilisalimu tofali, mimi wakanipita. Hasira hiyo niliianza nikiwa mdogo, na mpaka leo nikiikumbuka inanipanda.

Baba alitoka upande wa Kasenga, mtoto wa wavuvi, akaja mjini kufanya kazi kwenye tanuru la shaba. Mji huo wa Katanga ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Siku moja shaba iliyoyeyuka ilimrukia mkono wa kuume, na kidole cha mwisho kikajikunja kuelekea kiganjani, hakikunyooka tena. Alipolala hospitalini, alisikia sauti. Ilimwambia kwamba udongo wa Mungu haupitishwi motoni. Wazungu wamechukua udongo wa nchi, wakauchoma, wakaondoka na shaba, nasi tukabaki na moshi. Basi yeye ajenge nyumba ya sala kwa udongo mbichi, na kila mtu aache mkono wake ndani. Nakiri kwamba hata leo mtu akija kunieleza maneno hayo nitamsikiliza mpaka mwisho. Baba alijua kusema.

Nyuma ya kiwanja chetu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Kila aliyetaka kuingia kanisani alichimba udongo wa kichuguu kile, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akaumimina kwenye kibao cha kufyatulia, kisha akakandamiza kiganja chake cha kulia juu. Tofali likikauka, baba alilijenga ukutani, kiganja kikielekea ndani kwenye matope ya kuungia, kisionekane. Langu peke yake ndilo lililotazama nje. Baba pekee ndiye aliyejua tofali la nani liko wapi. Mtu akiumwa, aliweka mkono wake mahali fulani ukutani, akaomba, na mgonjwa akajisikia kashikwa.

Na aliyetaka kutoka alikuja Jumapili mbele ya wote. Baba alichukua mwiko wa mwashi, akachokoa tofali lake taratibu, akampa mikononi likiwa limefungwa kitambaa. Hakuruhusiwa kulifungua mpaka awe mbali na kiwanja. Wachache waliotoka namna hiyo walitoka kwa amani. Lakini aliyeondoka akaacha mkono wake ndani, ukuta ungemvuta. Ndivyo tulivyosema: ukuta unavuta. Angeumwa yeye, kisha watoto wake, mpaka arudi.

Kuwa mtoto wa mtu huyo ilikuwa kazi. Sikuruhusiwa kupigana wala kula kwa jirani. Shuleni, kwa mapadri, wenzangu waliniita Tofali, na padri mmoja alikuwa akitabasamu kila anapouliza habari za nabii wa nyumbani kwetu. Nyumbani kila mtu alimwita baba yangu Baba. Vizee waliomzidi umri walimwita Baba. Nikitaka kumwambia jambo nilisubiri uani pamoja na wagonjwa, na zamu yangu ilipofika alinitazama kwa macho yale yale aliyowatazamia wao. Sikuwahi kuwa na baba wa peke yangu. Imani ilinitoka polepole, na nilipofika mwaka wa tatu wa sekondari haikuwepo tena. Sikumwambia mtu.

Mama aliamini. Yeye alikuwa binti wa mtu wa Kasai aliyeletwa na kazi ya reli, amezaliwa hapahapa mjini, na ndiye mtu wa pili kuweka mkono ukutani baada ya baba mwenyewe. Tofali lake lilikuwa kushoto kwa meza ya sala, na kila ibada aliketi chini mahali pale, mgongo wake ukiegemea. Nilipokuwa mdogo nililala mapajani mwake wakati wa mahubiri, naye alinong'ona kwamba mkono wake ulio ukutani unanishika mgongo. Mkono wa mama hubeba na watoto, alisema. Dada yangu mdogo alipozaliwa hakufyatuliwa tofali. Mkono wa mama ulimtosha.

Kisha Katanga ikajitangaza kuwa nchi. Tulifundishwa bendera mpya na wimbo mpya, na kwa muda fulani ilionekana kana kwamba hakuna kitu kingine kilichobadilika. Baadaye watu wa Kasai wakaanza kuitwa wageni katika nyumba walizozaliwa. Vijana wa chama kilichotawala walizunguka na minyororo ya baiskeli mikononi, wakisikiliza namna mtu anavyotamka maneno. Mwaka wa pili familia nzima nzima zilibeba magodoro na kukimbilia kambini, nje kidogo ya mji, ambako askari wageni wa kofia za buluu waliwalinda. Watu walijibana kule chini ya mabati na majamvi, wengi hata usione nyasi.

Karibu nusu ya kanisa letu walikuwa watu wa Kasai na wa Katanga ya kaskazini, ambao nao walisakwa vilevile. Walimjia baba wakitaka matofali yao ili waondoke salama. Baba aliwakatalia. Alisema nchi ikitetemeka ukuta hautobolewi, kwa maana ukimtolea mmoja, ukuta utawaangukia waliobaki. Maneno yalisikika ya busara. Wengine walibaki kwa ajili hiyo, wamejifungia nyumbani na madirisha yamezibwa. Wengine walikimbia mikono yao ikiwa ndani, na kule kambini, kwa maji machafu na nzi, watoto wa kila mtu waliharisha. Lakini watu wetu walijua sababu nyingine.

Mmoja wao alikuwa fundi cherehani aliyenishonea suruali zangu zote za shule. Alikuwa mpole, mwenye kupenda utani, na kila aliponipima alisema nitafika darini. Mchana mmoja tulimwona uani kwetu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kambini, akapita vichochoroni kukwepa mabariyeri, vizuizi vya vijana, kwa sababu mtoto wake alikuwa anaharisha damu. Mimi ndiye niliyempelekea maji. Alipiga magoti mbele ya baba akaomba tofali lake, hilo tu, hata kula hakutaka. Baba alimshika kichwa. Alimwambia arudi, atamwombea mtoto, ukuta bado unawashika wote. Fundi aliinuka mikono mitupu, akanipa kikombe, akaondoka.

Walimkamata kwenye bariyeri ya daraja la Naviundu. Walimwambia aseme maneno machache, akayasema. Kabla ya jioni jirani alikuja kutuambia kwamba kiatu chake kimoja kilibaki barabarani na hakuna anayethubutu kukiokota. Baba alijifungia chumbani, bukari yake, yaani ugali, ikapoa mpaka ikashika ngozi. Nilidhani ni huzuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi nilimwonea huruma.

Siku chache baadaye vijana wa chama wakaja kwetu. Mkubwa wao tulimfahamu, kwa kuwa mama yake aliwahi kuponywa na baba, na hakuja kwa makelele. Alivua kofia. Hilo liliniogopesha kuliko minyororo.

"Baba, weye ni mutoto ya inchi," alimwambia. "Na weye hatuna maneno. Lakini ule mama, bantu banauliza. Tutarudia hapa."

Walipotoka, baba alitaka mama apelekwe kwa kaka wa baba, kijijini Lukafu. Mama alikataa. Njia ya Lukafu ilikuwa na bariyeri nyingi kuliko yetu, na kule kijijini yeye peke yake ndiye angekuwa na lafudhi ya Kasai. Hakukuwa na pengine ila kambini. Nilimwambia tufunge vitu twende siku ileile. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Mukono yangu iko mu ukuta, mwanangu. Nitaenda na mukono moja? Na huyu mudogo yako, ukuta ikimuvuta?"

Nilimweleza juu ya maji machafu na vijidudu, yote tuliyofundishwa shuleni. Alinisikiliza kwa upole uliokuwa unanitia wazimu. Kisha akasema nizungumze na baba yangu. Nilizungumza naye. Baba alisema ukuta hautobolewi. Nikamuuliza kama anataka mama afe. Akanitazama kama alivyowatazama wagonjwa, akaniambia niende nikasali.

Basi niliamua kuutoboa mwenyewe. Siku moja waliokuja kumwita baba walisema kuna mtu anakata roho mtaa wa pili, akaondoka na kitabu chake. Nilichukua mtarimbo nikaingia kanisani adhuhuri, jua likiwaka kupitia matundu ya bati, nikapiga magoti mahali ambapo mama huegemea. Ukuta pale ulikuwa unang'aa kwa miaka ya mgongo wake. Au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoutazama kwa karibu nikaona haung'ai kitu. Nilikwangua matope. Nilitoa tofali la kwanza, nikaligeuza. Lilikuwa laini pande zote.

Nikadhani nimekosea mahali. Nikatoa la juu yake. Laini. La pembeni, laini pia. Nililifuta kwa shati langu nikidhani udongo umejaa ndani ya alama, nikalikwangua kwa ukucha. Nilizidi kutoa, kushoto na kulia, bila mpango, jasho likiniingia machoni, mpaka pakawa na tundu ambalo mbuzi angepita. Matofali yalilala kunizunguka sakafuni, na hakuna hata moja lililokuwa na mkono wa mtu.

Nilipogeuka baba alikuwa mlangoni. Nilishika mtarimbo kwa nguvu, sijui kwa nini. Hakupiga kelele. Alilitazama tundu, akaketi kwenye benchi la nyuma, mahali pa wageni.

"Mukono ya mama iko wapi?" nikamuuliza.

"Mvula," alisema.

Akanieleza huku anatazama sakafu. Nilikumbuka kwamba masika yaliyopita alilifunga kanisa akasema ni siku za mfungo, mtu yeyote asikanyage kiwanjani. Kumbe kuta za nyuma na za pembeni zilikuwa zimelainika na kuporomoka zote. Udongo mbichi, mvua ya Katanga. Mtoto wa darasa la kwanza angemwambia. Alikuta rundo la tope na viganja vyote vimeyeyuka humo, cha mama, cha fundi, hata chake. Akafyatua matofali mapya peke yake, akajenga upya kabla mfungo haujaisha. Ukuta wa mbele tu, uliokingwa na baraza, ndio uliobaki, na humo kiganja kilikuwa changu peke yake. Yaani tofali langu ndilo pekee la kweli katika kanisa zima.

"Fundi alipokuya, ulijua."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukumuambia?"

"Ningemuambia nini? Ati mukono yake ilikuwa matope? Angeenda kuambia bote."

"Angekuwa muzima," nikasema.

Nilimwambia jioni ileile mama atajua. Hapo ndipo aliponitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ananitazama mimi, si mgonjwa wa zamu. Alisema mama hataniamini. Na akiniamini itakuwa vibaya zaidi, kwa kuwa katika mafundisho yetu mtu ambaye mkono wake umeyeyuka hana tena anayemshika. Ataketi chini na kungoja kifo pamoja na binti yake. Nilimchukia kwa kusema hivyo. Nilimchukia zaidi kwa kuwa nilimjua mama, na baba alikuwa anasema kweli.

"Niachie siku kidogo," akaniomba.

Tuliziba tundu pamoja.

Siku zile zilikuwa mbaya. Kila baiskeli iliyopunguza mwendo mbele ya ua ilinipeleka kuchungulia. Mama hakutoka nje hata kuchota maji. Nilichota mimi, na wanawake bombani walinyamaza nikikaribia. Jumapili baba alihubiri kifupi, watu wakatazamana. Muda uliobaki alishinda nyuma ya kanisa, karibu na kichuguu, na siku moja kulifuka moshi wa makaa toka asubuhi mpaka jua kuchwa. Mama alisema anachemsha dawa ya mtu. Mimi nilisema moyoni, huyu mzee ametutuliza na sisi kama alivyomtuliza fundi, nikafunga mizigo peke yangu. Nilipanga kumbeba mama kwa nguvu ikibidi.

Kisha yule kijana mkubwa akamtuma mtu kusema watapita kesho. Sijui alitaka kututisha au kutuokoa, na sikupata kumuuliza.

Kulipokucha baba aliingia jikoni na kitu kimefungwa kwa kanzu yake ya sala. Mama alikuwa anamvisha dada. Baba alikishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Nimeitosha mu ukuta," alisema.

Mama alipiga magoti akapokea, akaliweka tofali kifuani. Hakulifungua, kwa kuwa halifunguliwi kiwanjani. Uso wake ulilegea namna ambayo sikuwa nimeiona tangu vijana waje. Mimi niliikodolea macho ile kanzu nikijua hakuna kitu cha kweli kinachoweza kuwa ndani yake, nikamtazama baba, naye akayakwepa macho yangu. Alimshika dada kichwa. Mimi akaniambia nimchunge mama. Hakusema kwamba yeye haendi. Baba wa wote haondoki, hilo tulilijua. Kabla hatujafika barabarani alikuwa ameshatugeuzia mgongo, anaelekea kanisani.

Nilimbeba dada. Mama alijitwisha blanketi na sufuria, na tofali juu yake. Nilimwagiza asiseme neno lolote njiani, mimi nitasema. Tuliepuka daraja, lakini karibu na reli kulikuwa na bariyeri mpya, pipa na ubao, na vijana walioonekana hawakulala. Niliwasalimu kwa Kibemba cha baba. Mmoja aliniuliza huyo mama mbona kimya. Nilijibu kwamba sisi ni watu wa Naviundu, na mama ana nadhiri ya kutosema.

"Bantu ba matofali," mwingine akasema, wakacheka.

Yule wa kwanza hakucheka. Alimwambia mama ashushe mzigo. Akaipita sufuria, akaifungua kanzu. Alilipima tofali mkononi, akasema watu hawabebi udongo bure, lazima kuna kitu kimefichwa ndani. Akaliinua juu ya kichwa chake.

Tofali letu mtu akiliangusha kutoka magotini linapasuka vipande. Nilijua. Mama alijua zaidi yangu. Nilimwona akifungua mdomo, na nikajua kinachokuja ni ukelele wa Kikasai, na baada ya hapo hatutafika popote. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Tofali likaanguka kwenye changarawe. Lilitoa mlio kama chungu kilichogongwa, likabiringika, likatulia. Lilikuwa zima.

Mama alifunga mdomo. Alilitazama pale chini, kisha akanitazama mimi. Kijana alilisukuma kwa mguu, akaona halina kitu, akachoka nasi. Mwenzake alimwambia atuache, mganga wao amewahi kumtibu shangazi yake. Mama aliinama, akalifunga tena kwenye kanzu, akajitwisha. Tukapita. Sikugeuka nyuma mpaka tulipoziona kofia za buluu.

Kambini tulipewa nafasi ya majamvi mawili, karibu na mke wa fundi cherehani. Watu wetu walikuwa wamejipanga upande huo. Mtoto wa fundi alikuwa hai, amekonda, macho makubwa, daktari wa askari amempa dawa. Mama alimsalimia yule mjane, wakashikana. Kisha mama akaketi, akaifungua kanzu.

Aliligonga tofali kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga tena.

"Imepita mu moto," alisema.

Aliligeuza. Kiganja kilikuwepo, kimezama vizuri. Akaweka chake ndani. Vidole vyake vilipwaya. Kidole cha mwisho hakikupata mahali pa kulala, kwa sababu alama ya kidole kile haikunyooka; ilijikunja, ikarudi kuelekea katikati. Mama aliuacha mkono wake mle kwa muda mrefu. Ndipo nilipomwambia yote, upesi upesi: mvua, mfungo, matofali laini. Nilijiandaa kumshika asianguke.

Hakuanguka. Aliinama kidogo juu ya tofali.

"Alivunja sheria yake sababu ya miye," akasema.

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyependwa. Nilikasirika karibu nilie. Mtu ametuweka kwenye mdomo wa kifo kwa sababu ya aibu ya ukuta, na yeye anafurahi kwa tofali moja la kuchomwa kwenye makaa. Nilitaka alitupe. Lakini sikuwa mimi wa kulitupa, na furaha yenyewe haikudumu, kwa maana alipoinua kichwa alimkuta mjane wa fundi anatutazama.

Mama angeweza kulifunga. Hakuna ambaye angemlaumu. Tofali la mtu lilikuwa siri yake. Wengine wangedhani baba ameanza kuyatoa, na kesho yake wangeanza kurudi mmoja mmoja kupitia bariyeri ileile kudai yao. Alilijua hilo, nililiona likimpita usoni. Akaliinua, akampa yule mwanamke mikononi.

"Pima," alimwambia. "Haiko mukono yangu. Kule hakuna mukono ya mutu. Mvula ilimaliza yote toka mwaka jana. Mutoto yako haikuwa ukuta iliyomuvuta. Mutu asirudiye tena kule."

Wengine wakasogea. Tofali lilizunguka toka kwa mtu hadi mtu. Kila mmoja aliligonga akasikia mlio, kila mmoja aliweka mkono akakutana na kile kidole kilichokunjamana, ambacho sote tulikifahamu kwa kuwa kilikuwa kimetulia vichwani mwetu mara nyingi. Mzee mmoja alilia. Mwingine alitukana, akaomba radhi, akatukana tena. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wetu aliyetoka kambini kwenda Naviundu. Hilo nalishika, na sifa yake naiweka kwa mama.

Lilipomaliza kuzunguka lilirudi kwa mjane. Alilipakata kama mtoto. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akimtazama mama:

"Kwako alitengeneza ingine. Ya bwana yangu, ilimushinda nini?"

Nilimtazama mama nikingoja atakalojibu. Dada yangu aliuliza tutakula nini. Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na baba, na hata leo nikilijibu kwa niaba yake, jibu linaniudhi.

Jioni watu walianza kutafuta mawe ya kupikia. Mama aliokota mawili karibu na uzio. Akamwendea mjane, akanyoosha mikono, na yule mwanamke akampa tofali. Mama aliliweka chini pamoja na yale mawili, kiganja kikielekea ardhini, akachochea moto katikati. Sufuria ya kwanza aliyoiteleka haikuwa yetu. Ilikuwa ya mjane, na uji wa mtoto wake.

Tulipikia juu yake, wanawake wale wawili kwa zamu, mpaka zilipoletwa treni za kuwapeleka watu Kasai, nchi ambayo mama hakuwahi kuiona. Asubuhi ya safari tulifunga blanketi na sufuria. Mjane alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni, amesimama na mzigo wake. Alitazama jikoni, akamuuliza mama kama halibebi tofali lile.

Mama alikuwa anazima makaa kwa mchanga.

"Acha," alisema. "Bengine batapikia."